KIUMBE ASIYE NA JINA: Filamu ya Frankenstein (1931) na Swali la Kumpokea Anayeogopwa

1. Utangulizi

Katika sharika zetu mazungumzo juu ya filamu za kutisha huwa mafupi. Mzazi huuliza kama inafaa watoto wazitazame. Mchungaji hujibu kwamba hazifai, kwa kuwa zinashughulika na makaburi, mizimu na nguvu za giza. Na hapo mazungumzo huishia. Jibu hilo lina hekima yake, maana ziko filamu nyingi ambazo hazina kusudi jingine ila kuuza damu na mayowe. Hata hivyo jibu moja haliwezi kutosha kwa kazi zote, kama vile hukumu moja isivyoweza kutosha kwa vitabu vyote. Katika makala haya tunakusudia kuichambua filamu moja ya Kimarekani ya zamani, Frankenstein, iliyotolewa mwaka 1931, na kuonyesha kwamba mwanatheolojia na mchungaji wa kijijini waweza kujifunza kwayo jambo zito.

Hoja yetu ni hii. Hofu ya kweli katika filamu hii haitokani na sura ya yule kiumbe aliyetengenezwa kwa viungo vya maiti, bali inatokana na namna anavyopokelewa. Aliyemtengeneza hampi jina, hampi chakula, wala hakai naye. Na wanaokutana naye baadaye humkimbia au humwendea kwa moto. Tutaonyesha pia kwamba filamu yenyewe, pamoja na ubora wake, inajikwaa mahali pamoja ikijaribu kutoa sababu nyepesi ya uovu wa kiumbe huyo. Na kwamba sisi wa Usambara tunayo masimulizi yetu ya kale yanayotusaidia kuiona kasoro hiyo.

2. Chimbuko la filamu

Hadithi ya Frankenstein ilitungwa na Mary Shelley, mwanamke Mwingereza aliyeianza mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18. Kitabu kilichapishwa London mwaka 1818 pasipo jina la mtungaji. Mama yake Mary alifariki siku chache baada ya kumzaa. Na mwaka 1815 Mary mwenyewe alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, naye akafariki akiwa bado mchanga, kabla ya kupewa jina. Hatudai kwamba maisha ya mtungaji yanaeleza kila kitu katika kazi yake. Lakini si ajabu kwamba mwandishi aliyepitia hayo aliandika juu ya kiumbe aliyekuja duniani pasipo mama na pasipo jina.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye kampuni ya Universal ya Marekani, iliyokuwa imefaulu mapema mwaka 1931 kwa filamu ya Dracula, iliamua kuitengeneza hadithi hii. Mwongozaji alikuwa James Whale, Mwingereza aliyepigana katika Vita Kuu ya Kwanza na kushikwa mateka na Wajerumani. Sehemu ya kiumbe ilichezwa na Boris Karloff, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa William Henry Pratt. Alikuwa na umri wa miaka 43, na kwa muda mrefu alikuwa amepewa sehemu ndogo ndogo tu. Jack Pierce, fundi wa kuwageuza waigizaji sura, alitumia takriban saa nne kila siku kumtengeneza uso ule wenye paji bapa na kope nzito unaojulikana leo dunia nzima. Filamu yote ni ya dakika kama 70 tu, na mbali ya mwanzo na mwisho haina muziki. Mtazamaji husikia hatua za miguu, ngurumo, kilio cha mbwa, na kimya.

Kisa chake ni hiki. Henry Frankenstein, kijana msomi, anafukua makaburi na kukusanya viungo vya maiti ili aumbe mtu. Katika usiku wa tufani anafaulu. Kiumbe wake anafungwa minyororo, anateswa na Fritz, mtumishi wa Henry, naye anamwua Fritz. Mwalimu wa zamani wa Henry, Daktari Waldman, anataka kumpasua kiumbe ili kumwangamiza, naye pia anauawa. Kiumbe anatoroka, anakutana ziwani na mtoto aitwaye Maria, na mtoto huyo anakufa maji mikononi mwake. Wanakijiji wanawasha mienge, wanamsaka mpaka katika kinu cha upepo, nao wanakichoma kinu hicho pamoja naye.

Yafaa kukumbuka kwamba miaka michache tu baada ya hapo filamu zilianza kutengenezwa katika milima yetu hii hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Vugiri, upande wa Korogwe, palikuwa makao ya mradi wa kutengeneza filamu za mafundisho kwa Waafrika, ulioanzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliousimamia, walitoa filamu 35 juu ya kilimo, afya, akiba ya fedha na mengineyo, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Wazo lililotawala siku zile ni kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha nyepesi, ziendazo polepole, zenye fundisho la wazi. Kazi kama Frankenstein isingeweza kuingia katika orodha hiyo.

Sisi tumeitazama filamu hii huko Mlalo pamoja na wazee na vijana wa usharika, tukifasiri maneno yake kwa Kiswahili kadiri ilivyohitajika. Baada ya kumalizika, vijana waliuliza juu ya umeme na mashine. Mama mmoja mzee, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali jingine: “Mchungaji, tangu huyu alipofumbua macho, ni nani aliyempa chakula?” Tuliirudia filamu katika mawazo yetu tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hatukumwona mtu huyo. Tangu kiumbe anapoinua mkono wake kwa mara ya kwanza mpaka anapoteketea, hatuonyeshwi hata mara moja akipewa chakula au maji. Wahakiki wamekwisha kuandika vitabu vingi juu ya Frankenstein, lakini swali la mama huyu wa Mlalo linaingia moja kwa moja katika moyo wa filamu hii, na uchambuzi unaofuata unalifuata swali lake.

3. Kuumba na kutunza

Kabla ya hadithi kuanza, filamu huonyesha orodha ya waigizaji. Mbele ya kila mhusika limeandikwa jina la aliyemcheza. Lakini mbele ya yule kiumbe pamewekwa alama ya kuuliza tu. Bila shaka kampuni ilikusudia kuwavutia watazamaji kwa fumbo. Hata hivyo alama ile yasema kweli kuliko ilivyokusudiwa, kwa maana katika filamu nzima hakuna anayempa jina kiumbe huyu. Kwa sababu hiyo watu wengi duniani wamezoea kumwita yeye “Frankenstein”, jina la aliyemtengeneza. Wajuzi huwasahihisha. Lakini kwetu mtoto huitwa kwa jina la baba yake, na kwa hiyo kosa la watu wa kawaida lina haki ndani yake: limempa kiumbe ubini ambao baba yake alimnyima.

Kiswahili hutusaidia hapa. Kwa Kiingereza filamu humwita kwa neno ambalo sisi tungelifasiri kuwa zimwi au dubwana. Lakini tukimwita “kiumbe”, neno lenyewe linatukumbusha kitendo cha kuumba, na mara moja twapaswa kuuliza ni nani aliyemuumba na amemfanyia nini. Zimwi hana wa kumdai. Huzuka porini na kula watu. Kiumbe anaye mwumba, na mwumba anao wajibu.

Tazama sasa jinsi anavyoingia. Mlango unafunguka, naye anaingia kinyumenyume, tukiuona mgongo wake. Kisha anageuka polepole, na kamera inamsogelea hatua kwa hatua mpaka uso wake unajaa mbele yetu. Mtazamaji anatarajia kishindo, lakini hakuna kishindo. Henry anamwamuru aketi, naye anaketi kama mtoto mtiifu. Kisha Henry anafungua dirisha lililo darini, nuru inaingia kutoka juu, na kiumbe anainua uso, anasimama, ananyosha mikono yote miwili kuelekea nuru ile kana kwamba aweza kuishika. Daktari Waldman anashauri nuru izuiwe, na Henry analifunga dirisha. Kiumbe anabaki na mikono yake mitupu, akimtazama Henry kwa ishara ya kuomba. Karloff hasemi neno lolote. Kazi yote inafanywa na viganja vyake. Katika sinema ya miaka ile hatujui mahali pengi ambapo mikono ya mwigizaji imesema zaidi ya hapo.

Jibu la ombi hilo ni moto. Fritz anaingia na mwenge, kiumbe anashtuka na kupiga kelele, nao wanadhani ameshambulia. Wanamfunga minyororo chini ya jengo, ambako Fritz anamtesa kwa mjeledi na kwa moto ule ule. Fritz mwenyewe ni mtu mwenye kibyongo, aliyezoea kuamrishwa. Hapa filamu inaona jambo ambalo kila mchungaji amelishuhudia: aliyedharauliwa akipata aliye chini yake, mara nyingi humlipa yeye deni la wengine.

Ni vema tukumbuke yaliyoipata filamu hii mikononi mwa wakaguzi. Kiumbe anapoanza kujongea kwa mara ya kwanza, Henry kwa furaha yake anasema kwamba sasa anajua ilivyo kuwa Mungu. Filamu ilipotolewa tena baada ya sheria za ukaguzi kukazwa mwaka 1934, maneno hayo yalifunikwa kwa sauti ya ngurumo, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa kufuru. Sisi twakubali kwamba ni kufuru. Lakini wakaguzi waliifuta kufuru ya mdomo wakaiacha ya mkono, nayo ni kufuru kubwa zaidi. Kosa la Henry haliko tu katika kudai cheo cha Mungu. Amekitwaa cheo hicho, na mara tu baada yake analifunga dirisha.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapofafanua kifungu cha kwanza cha Imani, haishii katika kusema kwamba Mungu alituumba. Anaendelea kutaja mambo ya kila siku: mavazi na viatu, chakula na kinywaji, nyumba na watu wa nyumbani, ulinzi dhidi ya hatari. Kwa Luther kuumba na kutunza ni kazi moja isiyotenganishwa. Hata baada ya dhambi Mungu anawafanyia Adamu na mkewe mavazi (Mwanzo 3:21). Henry ameiga nusu ya kwanza ya kazi ya Mungu, ile yenye umeme na fahari, akaiacha nusu ya pili, ile ya viatu na chakula. Mama wa Mlalo aliuliza juu ya nusu ya pili.

4. Maria na maua

Tukio la ziwani ndilo kilele cha filamu. Maria ameachwa peke yake kwa muda mfupi. Kiumbe anatokea kichakani. Mtoto hakimbii, anamwuliza kama atacheza naye, anamshika mkono, anampa ua. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika filamu kiumbe anatabasamu. Wanatupa maua majini na kuyatazama yakielea. Maua yanapokwisha, kiumbe anamnyanyua mtoto na kumtupa majini, kwa kuwa ni mzuri kama maua naye anadhani ataelea kama maua. Mtoto anazama. Kiumbe anapapasa maji, kisha anakimbia akiwa amefadhaika.

Katika majimbo kadhaa ya Marekani wakaguzi walilikata tukio hili, na kwa miaka mingi nakala zilizoonyeshwa ziliishia pale kiumbe anaponyosha mikono kumwelekea mtoto. Baadaye anaonekana baba akimbeba Maria aliyekufa. Mtazamaji aliachwa ajaze nafasi hiyo mwenyewe, naye aliijaza kwa mawazo mabaya kuliko tendo lenyewe. Vipande vilivyokatwa vilirudishwa katika miaka ya 1980. Mwenye jukumu la kukagua yale waumini wanayotazama na apime jambo hili: mkasi uliokusudiwa kuwalinda watu ulimfanya kiumbe awe mwovu kuliko alivyokuwa.

Hatusemi kwamba kiumbe hana hatia. Mtoto amekufa, na baba yake anapita na maiti katika barabara ya kijiji kilichokuwa kikicheza ngoma ya arusi, na kamera inamfuata hatua kwa hatua huku nyimbo zikikatika. Hakuna theolojia iwezayo kuufanya msiba ule uwe mdogo. Lakini filamu inatutaka tutofautishe. Fritz aliuawa na mtu aliyeteswa. Waldman aliuawa na mtu aliyekuwa karibu kupasuliwa. Maria alikufa kwa ujinga wa kiumbe ambaye hakuna aliyemfundisha lolote. Mtoto peke yake ndiye aliyempokea, naye alihitaji kuwa na mtu mzima karibu. Tendo la rehema lilifanywa na mtoto mdogo kwa sababu watu wazima wote walikuwa wamelikataa.

5. Ubongo ulioibwa

Sasa tutaje kasoro. Mwanzoni mwa filamu Fritz anatumwa kuiba ubongo katika chuo cha udaktari. Kuna chupa mbili: moja ina ubongo mzuri, ya pili ina ubongo wa mhalifu, ulioandikwa kuwa si wa kawaida. Fritz anashtushwa na mlio, anaiangusha ya kwanza, anaichukua ya pili. Kwa hiyo mtazamaji aweza kusema tangu mwanzo: kiumbe huyu alikuwa mwovu kwa sababu ya ubongo wake, na yaliyompata ni haki yake.

Jambo hili halimo katika kitabu cha Mary Shelley. Lililetwa na watengenezaji wa filamu, na linapingana na kila kitu kinachoonyeshwa baadaye. Mikono iliyonyoshwa kuelekea nuru si mikono ya mhalifu wa kuzaliwa. Karloff na Whale walitengeneza filamu moja, na ile chupa ni ya filamu nyingine iliyo dhaifu. Vivyo hivyo kibyongo cha Fritz kimetumiwa kama alama ya tabia yake, kana kwamba umbo la mwili hutangaza hali ya moyo. Filamu inayotuonya tusimhukumu mtu kwa sura yake imefanya jambo lile lile inalolikataza.

Kanisa letu la Usambara lina sababu ya pekee ya kulikataa wazo la chupa ile. Misheni iliyoanza Mlalo mwaka 1891, mahali ambapo Wajerumani walipaita Hohenfriedeberg, iliunganishwa na kazi ya Bethel kule Ujerumani, ambako tangu mwaka 1867 wagonjwa wa kifafa walikuwa wakitunzwa katika siku ambazo wengi waliwaficha. Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, iligeuka mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kabla ya wengi katika Afrika Mashariki kufikiri kwamba jambo hilo lawezekana. Waliotutangulia walifanya kazi nyingi zenye makosa, kwa maana walikuja pamoja na ukoloni na mara nyingi hawakuutofautisha na Injili. Lakini katika jambo hili walitenda sawasawa. Hawakuuliza kwanza ubongo wa mtu umeandikwa nini juu ya chupa. Walimpa kitanda, uji na kazi ya bustani.

6. Kigego aliyepokelewa

Kuna masimulizi mengine yaliyo ya kale kuliko misheni, ambayo kila Msambaa ameyasikia. Yameandikwa na Abdallah bin Hemedi lAjjemy katika Habari za Wakilindi, nayo ni masimulizi ya Mbega. Mbega alizaliwa Ngulu, akawa kigego, yaani mtoto ambaye meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima, na desturi ilitaka auawe. Wazazi wake walimpenda, wakamficha na kumlea. Walipofariki, ndugu zake walimnyima urithi na kumtuhumu kwamba yeye ndiye chanzo cha vifo katika ukoo. Akaondoka na mbwa wake, akawa mwindaji.

Kufikia hapa masimulizi haya yanafanana sana na filamu. Mwili wenye alama isiyo ya kawaida, hofu ya watu, tuhuma ya vifo, kufukuzwa, na maisha ya porini. Lakini njia zinaachana. Mbega alipofika Usambara, watu walimkuta akiua nguruwe waharibifu wa mashamba na kugawa nyama. Nao walimpa chumvi na vyakula vya shamba, wakala naye, wakampa mke, wakamwita awaamulie mashauri yao. Mwishowe aliketishwa Vuga, na baada ya kumwua simba aliyeshambulia ng'ombe akapewa jina jipya, Simba, lililobaki kuwa heshima ya watawala waliomfuata.

Hatutaki kuyapamba masimulizi haya. Utawala wa Wakilindi haukuwa utawala wa malaika, na baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862 nchi iliingia katika vita vya miaka mingi na watu wengi waliuzwa utumwani. Kupokelewa hakumfanyi mtu wala uzao wake kuwa mtakatifu. Lakini tofauti kati ya kigego wa Ngulu na kiumbe wa Frankenstein haiko katika damu wala katika ubongo. Mmoja alifichwa na wazazi waliompenda, kisha akalishwa na wageni na kupewa jina. Wa pili hakuna aliyemlisha wala kumpa jina. Ndiyo maana tunasema kwamba mtazamaji wa Usambara, ambaye miaka ile alidhaniwa kuwa hawezi kuelewa picha ngumu, anayo masimulizi yanayomwezesha kuisahihisha filamu hii pale ilipokosea.

Wanafunzi wa Bwana Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yohana 9:1-3). Swali hilo ndilo swali la chupa, na ndilo swali la kigego. Bwana hakulikubali. Inafaa kuongeza kwamba James Whale mwenyewe, katika filamu yake ya pili, Bride of Frankenstein ya mwaka 1935, alimpatia kiumbe mwenyeji mmoja: mzee kipofu aishiye msituni, ambaye anampa chakula, anamshukuru Mungu kwa kumletea rafiki, na kumfundisha maneno yake ya kwanza. Asiyeona sura ndiye aliyemwona mtu. Hapo ndipo swali la mama wa Mlalo lilipojibiwa, miaka minne baada ya kuulizwa na filamu.

7. Mienge

Sehemu ya mwisho ya filamu ni ya umati. Wanaume wa kijiji wanagawanywa vikundi, wanapewa mienge na mbwa, wanapanda mlimani. Whale hawaonyeshi kama watu waovu. Wamefiwa na mtoto, wana hofu, wanataka nchi yao ipone. Wasambaa wa kale walisema juu ya kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru nchi. Wanakijiji hawa wanadhani kwamba wanaiponya. Kinu kinawaka, kiumbe anapiga kelele akiwa amebanwa na boriti, nao wanashangilia. Katika kelele ile sisi tumesikia nchi ikidhuriwa. Mwongozaji anatupeleka upande wa ndani wa moto, pamoja na yule anayeungua, na ni vigumu kushangilia kutoka huko.

Kisha filamu inageuka kwa haraka. Henry, ambaye kwa mpango wa kwanza alikuwa afe, anapona, na baba yake anakunywa mvinyo kuitakia nyumba yake wajukuu. Mwisho huo ni dhaifu, lakini kuna ukweli wenye uchungu ndani yake: aliyeumba anauguzwa kitandani, na kiumbe peke yake ndiye aliyelipa.

Mambo haya si ya filamu tu. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilipokumbwa na hofu ya popobawa, watu walilala nje wakiuzunguka moto. Katika siku hizo mtu mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta matibabu, aliuawa na umati uliodhani kwamba yeye ndiye popobawa. Wakati wa ukoloni hofu ya mumiani iliwafanya watu wasio na hatia washukiwe kunyonya damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wao walishukiwa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho ambayo kwa wengi yalifanywa hivyo na moshi wa jikoni. Kila mara umati ulikuwa na msiba wa kweli nyuma yake, na kila mara ulimkamata yule aliyekuwa karibu, asiye na ndugu wa kumtetea.

Maandiko yanajua jambo hili. Kaini alikuwa mwuaji wa kweli, si wa kusingiziwa. Naye Mungu alimtia alama asije akauawa na kila amwonaye (Mwanzo 4:15). Sisi tumezoea kuisoma alama hiyo kama aibu, lakini iliwekwa ili kumlinda. Ikiwa mwuaji wa kweli alilindwa dhidi ya umati, je, si zaidi sana yule ambaye kosa lake ni sura yake, ugonjwa wake, au uzee wake?

8. Hitimisho

Kwa hiyo tunaihesabu Frankenstein kuwa miongoni mwa kazi bora za sinema ya zamani, na tunaipendekeza kwa walimu na wanachuo wetu. Haifai kwa watoto wadogo. Kwa vijana waliokwisha kupata kipaimara na kwa watu wazima inafaa, mradi mchungaji au mwinjilisti akae nao na kuwaacha waseme kabla yeye hajasema. Tunashauri pia waoneshwe nakala kamili, yenye tukio la ziwani, kwa sababu ambazo tumezitaja.

Baada ya filamu si lazima kuuliza kama watazamaji waliogopa. Ni afadhali waulizwe ni nani katika mtaa wao anayeitwa kwa jina la hofu: yule mama aishiye peke yake ambaye watoto wameambiwa wasipite kwake, yule kijana wa kifafa asiyeketi na wengine kwenye sherehe, yule mgeni aliyerudi kutoka mjini akiwa amechanganyikiwa. Wengi wa watu hawa walibatizwa, na majina yao yamo katika kitabu cha ubatizo cha usharika, kwa mwandiko wa mchungaji aliyetutangulia. Kitabu hicho na kifunguliwe, jina litafutwe, na mzee wa kanisa atumwe kwake kabla ya Jumapili, akamwite kwa jina hilo. Wala asiende mikono mitupu, achukue chakula.